Watani wa Mteremko wa Kilandu

Kibanda cha Kilandu kilijengwa kiwatoshe watu wanne, lakini tangu lini Tasiana Mapunda akakaa mahali watu wakabaki wanne? Mchana huo alikuwemo mzee Pazi na tumbaku yake ya kunusa. Walikuwemo wanawake wawili wa sokoni wakichambua mchicha sakafuni, na Mama Kordula, aliyekuja asubuhi kuomba chumvi na hadi saa hizo alikuwa bado hajaondoka nayo. Alikuwemo pia bwana mmoja ambaye hakuna aliyejua kaingiaje, ila alikuwa keshapewa chai na alikuwa anaomba kuongezewa sukari. Injinia Haikaeli alibanwa pembeni na mitambo yake, goti moja limepanda juu ya jingine, kama mgeni katika nyumba aliyoijenga mwenyewe.

"Jamani, nipisheni nione kioo."

"Kioo unakiona kila siku, mwanangu," mzee Pazi akamjibu. "Sisi je, utatuona lini?"

Kioo kilikuwa ukuta mzima, na barabara ilionekana humo kama ulimi mrefu wa kijivu. Ilipita uwanda wa juu, ikafika ukingoni, kisha ikadondoka kwenye mteremko wa Kilandu na kona zake tatu, mpaka kwenye daraja huko bondeni. Kila gari lilikuwa na taa yake. Kijani, dereva yuko macho. Njano, mwangalie. Mara taa moja ya njano ikaanza kupepesa.

"Lori la pamba," Haikaeli akasoma. "Dereva Masalu Ngeleja. Kope zimeshuka mara nyingi mno. Anasinzia."

"Msukuma!" Mzee Pazi akaweka tumbaku chini, akajipangusa mdomo kama mtu anayeitwa mezani. "Nipeni mtumwa wangu huyo." Akashika kipaza sauti. "Wewe Masalu! Umelala? Ndiyo maana babu yako alipokuja pwani tulimkuta kasinzia juu ya mzigo, tukamchukulia mzigo, tukamchukulia na kofia!"

Kisha sauti nzito ikajaa kibandani: "Nani huyo? Mzaramo? Toka lini Mzaramo akawa kazini saa hizi? Ngoma imepasuka?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Masalu akaendelea kutukana mpaka kona ya tatu, mwendo wa kobe, macho yamemtoka, maana mtu hawezi kusinzia huku anamtafutia mtani wake jibu. Taa ikageuka kijani.

Ndivyo Kilandu ilivyokuwa inaokoa watu miaka hiyo.

Kabla ya hapo palikuwa machinjioni. Waliweka mabango, yakagongwa. Waliweka matuta, madereva wakajifunza kuyaruka kwa tairi za upande mmoja. Haikaeli akaja na Mlinzi, akili iliyofukiwa ndani ya lami, yenye macho kwenye kingo na masikio kwenye kila kabini. Mlinzi alijua breki zilivyochoka na moyo wa dereva unavyodunda, akawa anasema kwa sauti laini ya kike, "Tafadhali punguza mwendo." Madereva wakamjibu, "Tafadhali mwenyewe," wakaongeza muziki. Kumpa Mlinzi ashike usukani ilikuwa haiwezekani. Barabara moja ya mbali iliwahi kuushika, ikalikwepesha basi kutoka kwenye gari bovu na kulipeleka moja kwa moja kwa watu waliokuwa wanatoka harusini, na hadi leo hajapatikana wa kuulizwa. Sheria ikatoka: barabara iseme, isishike.

Tasiana aliitwa Kilandu kwa sababu ya sauti tu. Alikuwa mshereheshaji wa harusi, mwanamke wa kuweza kunyamazisha ukumbi bila spika, na Haikaeli alitaka arekodi ile "tafadhali" upya. Siku hiyo hiyo likapita lori la Mhehe, linakimbia kama limeibwa. Tasiana, Mngoni wa watu, uzalendo ukamshinda. Akamrushia tusi la utani ambalo hakujua kuwa lilikuwa linaenda hewani. Yule Mhehe akakanyaga breki ili apate nafasi nzuri ya kujibu. Wengine wote kibandani walicheka. Haikaeli peke yake hakucheka. Aliangalia kioo, akasema, "Rudia tena, shangazi."

Sheria ya nyumba ilikuwa moja, na ilikuja kwa damu. Kulikuwa na mchokozi mmoja, Hokororo, mtu wa maneno mengi, akamtania dereva kwamba kabati la mkewe limeonekana juu ya mkokoteni, linahama. Kabati lilikuwa linapelekwa kwa fundi. Dereva hakuuliza, wala hakufika darajani. Tangu hapo Haikaeli akaweka kufuli ndani ya Mlinzi: likitajwa neno la nyumbani, mke, mama, mtoto, kipaza sauti kinajifunga. Mchokoze mtu kabila lake, gari lake, kitambi chake. Nyumbani kwake usiguse.

* * *

Taa ya Vitus Kikoti iliingia kwenye kioo ikiwa nyekundu.

"Ah, mume wangu wa vita!" Tasiana akaruka kuchukua kipaza sauti kabla Haikaeli hajasoma jina. Vitus alikuwa Mhehe wake wa pekee. Walikuwa wanatukanana kila wiki, na alipopita bila kutukanwa alikuwa anapiga honi mpaka atukanwe. "Vitus! Unakimbia nini? Wangoni tumeacha kuwafukuza siku nyingi, hamjapata habari?"

Taa ikaendelea kuja.

"Vitus! Nasikia lori lako likikuona linajifunga mlango lenyewe!"

Wanawake wa mchicha wakacheka. Kutoka barabarani kukaja pumzi tu, kisha sauti ambayo Tasiana alikuwa hajawahi kuisikia kwa mtu huyo.

"Mtani, leo niache."

Kicheko kikakatika. Mhehe kumwomba Mngoni amwache? Tasiana akamgeukia Haikaeli, na Haikaeli alikuwa tayari ameinama juu ya namba.

"Ana saruji, mzigo kamili," alisema haraka. "Na amechaji betri ikajaa pomoni kituo cha nyuma. Mbona amejaza? Madereva wanajua kabisa kwamba kabla ya Kilandu betri huachwa na nafasi."

"Nafasi ya nini?" yule bwana wa chai akauliza.

"Lori likishuka, mota inalishika, na ule umeme wa kushuka unarudi kwenye betri. Betri ikijaa, umeme hauna pa kwenda, kwa hiyo mota inaliachia. Zinabaki breki za kawaida peke yake. Kwa mzigo ule na mwendo ule zitaungua kabla ya kona ya pili." Akagusa kioo. "Na chini kwenye daraja wamesimamisha magari. Kuna basi la shule na pikipiki kibao."

"Kajaza ili asisimame tena njiani," mzee Pazi akasema polepole. Yeye alikuwa dereva zamani. "Huyo anawahi kitu."

Tasiana akabonyeza kipaza sauti. "Vitus, unawahi nini, baba?"

"Mama." Sauti ilikuwa imekauka. "Baba mdogo kapiga asubuhi. Mama yu hoi, ananiulizia. Kasema nikikaza nitamkuta..."

Mlio mdogo ukasikika. Mlinzi alikuwa amesikia neno "mama", na kufuli likajifunga.

Ndipo Tasiana akamwona Mama Kordula. Mwanamke huyu hakuwahi kuwa na habari ikalala tumboni mwake. Ukimwambia jambo kisimani, ukifika nyumbani unalikuta limekutangulia, limeshakaa. Sasa alikuwa amekumbatia kile kipakti cha chumvi kifuani, machozi yanamshuka kimya kimya.

"Kordula," Tasiana akaita. "Sema."

"Nimeolewa kwa akina Kikoti, unajua." Akajipangusa machozi. "Nimo kwenye kikundi cha ukoo. Mama yake Vitus alitutoka alfajiri. Baba mdogo ameandika: mtoto yuko njiani na lori, asiambiwe, aambiwe mama anaumwa, aje. Nimekaa hapa tangu asubuhi nasubiri apite salama, nikajua nikikaa na nyie sitasema."

Hakuna aliyemshangaa baba mdogo. Nani kati yao hakuwahi kuitwa nyumbani kwa uongo huo huo? Msiba hausemwi kwa simu. Mtu huambiwa kuna mgonjwa, akifika na kuona turubai uani anajua mwenyewe, na kuna mikono ya kumdaka. Huo ni upendo. Ila mgonjwa anawahiwa, na marehemu anasubiri. Baba mdogo, kwa nia yake safi, alikuwa amemfunga mtoto wa kaka yake kamba ya kumvuta mbio hadi Kilandu.

"Mwambieni mama kapata nafuu!" mzee Pazi akasema. "Kala uji, kakaa kitandani. Atapunguza mwenyewe."

Wanawake wa mchicha wakaitikia, ndiyo, ndiyo. Hata Haikaeli akainua macho. Lilikuwa wazo la kuvutia, na Tasiana alilipima kwa moyo wote. Akamwona Vitus anashuka Kilandu salama, anapiga mluzi, ananunua machungwa ya kumpelekea mgonjwa aliyepata nafuu. Akamwona anaingia uani anacheka.

"Hapana," akasema. "Afike kwao na kicheko nilichompa mimi, akute turubai? Bora nimtukane mama yake kaburini."

"Na ukimwambia ukweli, shangazi?" Haikaeli alikuwa amesimama, na sauti yake haikuwa ya ubishi. "Hokororo alisema kabati tu. Kabati! Huyu tunamwambia mama. Mikono ikilegea pale uwandani, anaingia korongoni kabla hata ya mteremko. Nimemuuliza Mlinzi. Hana hesabu ya jambo hilo. Mimi pia sina."

"Ukinyamaza una hesabu?"

"Nikinyamaza ninayo." Akatazama lile basi la shule kwenye kioo. "Ninayo kabisa."

"Basi hesabu moja imekataa, na nyingine haijulikani. Fungua."

Kufuli lilihitaji kidole cha Haikaeli mwenyewe. Kidole kikasimama hewani. "Mimi ndiye niliyeandika sheria hii baada ya kumzika yule dereva. Nikifungua, nitaandika kwenye taarifa kwamba tumeivunja, wewe na mimi. Wanaweza kukutoa kwenye kiti hiki."

"Utani sikupewa na ofisi, mwanangu. Nilizaliwa nao. Huko juu kuna egesho la mchanga kabla ya ukingo, sivyo? Niambie akilikaribia."

Kidole kikashuka. Ule mlio mdogo ukasikika tena.

* * *

Tasiana hakujua atakachosema mpaka alipoanza kusema.

"Vitus. Mngoni wako hapa."

"Mtani, nimekuomba..."

"Hujaniomba vizuri. Nijibu swali moja, nitakuacha. Kwenu Wahehe mtu akifiwa, nani anaingia kaburini kwanza kulipima?"

Pumzi. Tairi juu ya lami. Mzee Pazi akavua kofia, maana alijua swali linakwenda wapi.

"Mtani," Vitus akajibu, kwa mazoea tu, kama anayejibu salamu.

"Mtani gani?"

"Mngoni. Anaingia, analala humo, anagoma kutoka mpaka apewe kuku." Kisha sauti yake ikaanza kupasuka. "Tasiana. Kwa nini unaniuliza?"

"Punguza mwendo, baba. Uje unichukue. Siwezi kutembea kwa miguu mpaka kwenu na kaburi linanisubiri."

Kilio kilichotoka barabarani kilijaza kibanda na kutoka nje ya madirisha. Hakikuwa na neno. Kwenye kioo taa nyekundu ikayumba kulia, ikavuka mstari, ikarudi, ikayumba tena kuelekea korongoni.

"Ameachia usukani!" Haikaeli akapiga kelele. "Mguu bado uko kwenye mwendo!"

"Vitus Kikoti!" Sauti ya Tasiana sasa ilikuwa ile ya kunyamazisha kumbi. "Shika usukani, mtumwa wangu! Nani kakupa ruhusa ya kufa leo? Leo siyo zamu yako! Unataka nilale kwenye makaburi mawili, na kwenu kuku mnaye mmoja tena kilema?"

Akawapungia mkono wengine, wote, kama anavyofanya mshereheshaji ukumbini akitaka vigelegele. Wakamwelewa. Mzee Pazi akasogea kwenye kipaza sauti: "Dereva gani wewe, unalia na gia? Lia na breki!" Wanawake wa mchicha wakadakia, Mhehe huyo hajui kuegesha, alinunua leseni mnadani. Mama Kordula, kwa sauti ya kamasi, akamwita shemeji, akamtukana masikio yake, kwamba mama yake aliyazaa kwanza yeye akafuata kesho yake. Hata bwana wa chai, ambaye kabila lake halikujulikana, akatoa tusi ambalo kila mtu alilikubali. Lilikuwa tusi zuri.

Katikati ya fujo hiyo Haikaeli alikuwa anatoa maelekezo, thabiti, kila neno mahali pake. "Nyoosha. Vizuri. Breki, achia, breki. Egesho liko kushoto, unaliona bango la njano. Lori la nyuma yako nimelisimamisha. Kushoto sasa, Vitus. Sasa!"

Vumbi likafunika jicho la kamera. Walisikia mchanga ukinguruma chini ya tairi, ukanguruma tena, kisha ukaacha.

Taa haikugeuka kijani. Ilibaki nyekundu, ila ilikuwa imesimama.

* * *

Tasiana alitembea mpaka egeshoni akiwa amejifunga kanga ya pili kiunoni, na nyumba nzima ikimfuata nyuma, Haikaeli akiwa wa mwisho na dumu la maji. Lori lilikuwa limezama mchangani hadi nusu ya magurudumu. Vitus alikuwa ameketi kwenye ngazi ya kabini, kijana mrefu mwenye mabega ya kubebea, ambaye Tasiana alikuwa hajawahi kumwona miguu. Miaka yote alikuwa sauti.

"Ni wewe?" Vitus aliuliza.

"Ni mimi."

Akasimama, na kwa dakika ile hakuwa mtani wa mtu. "Umeninyang'anya. Watu wa kwetu walikuwa wananisubiri waniambie wao. Baba mdogo, dada zangu. Ningeambiwa nikiwa mikononi mwa watu. Wewe umeniambia kwa redio."

"Ndiyo," Tasiana akasema.

"Nani kakuruhusu?"

"Hakuna. Ukitaka kunipiga, nipige, ila hapa juu. Kule chini nisingekuona."

Vitus akageuza shingo. Kutoka pale egeshoni mteremko ulionekana wote, kona juu ya kona, na mwisho wake basi la shule limesimama darajani, manjano, watoto wanachungulia madirishani. Akatazama kwa muda. Kisha akatazama magurudumu yake, akaweka kiganja karibu na breki ya mbele, akakiondoa upesi kwa joto. Hakusema asante. Tasiana naye hakuwa na haja nayo. Haikaeli akampa maji, akanawa uso, akanywa, akanawa tena, huku injinia akimweleza kwamba lori la nyuma litamvuta kutoka mchangani, na breki zikipoa na betri ikipungua kidogo atashuka taratibu.

Simu ikaita mfukoni mwake. Akaitazama, akaiweka sauti ya juu bila kujua kwa nini, labda kwa sababu mikono ilikuwa na maji.

"Vitus, mwanangu, uko wapi?" Ilikuwa sauti ya mzee, imechangamshwa kwa nguvu. Nyuma yake kulisikika watu wengi na vyombo vikigongana, na mtu akamzuia mwingine asiimbe. "Kaza mwendo, mama yako anakuulizia. Sasa hivi tu kaniuliza, Vitus kafika?"

Mama Kordula akafunika mdomo kwa kanga. Haikaeli akatazama chini. Wote walikuwa wanasubiri kuona kama kijana atamvunjia baba yake mdogo uongo ule usoni, na haki hiyo alikuwa nayo.

Vitus akavuta pumzi mpaka ndani kabisa.

"Nakuja, baba mdogo. Mwambie nakuja taratibu."

"Taratibu tena? Lakini mwanangu..."

"Taratibu, baba. Asinisubiri kwa wasiwasi." Akamtazama Tasiana, ambaye alikuwa tayari anapanda ngazi ya kabini, anagombana na kanga yake, analaani lori refu la Wahehe wafupi. "Na mniandalie kuku. Nimempakia Mngoni."

Upande wa pili vyombo viliendelea kugongana kidogo. Mtu haendi na Mngoni wake kumwona mgonjwa.

"Aa," alisema hatimaye, na ule uchangamfu wote ukamtoka, akabaki na sauti yake mwenyewe, ya uzee na ya kuchoka. "Basi sawa, mwanangu. Njooni. Tutawasubiri."